Kengele ya Mwisho Ikishalia: Nini Huifanya Programu ya Baada ya Shule Imfae Mtoto

Programu ya baada ya shule inaweza kumjenga mtoto, inaweza kumwacha kama ilivyomkuta, na inaweza kumharibu. Matokeo yote matatu yameshapimwa na watafiti. Kwa hiyo mzazi anayeuliza kama programu hizi zina faida anauliza swali lisilo na jibu moja. Yanayojibika ni haya: zile saa mbili au tatu zinapitaje, nani yuko na watoto, na mtoto wako anahudhuria siku ngapi kwa wiki.

Makala haya ni ya mzazi anayetafuta mahali pa kumwandikisha mtoto, na ya mwalimu au jirani anayetaka kuanzisha kikundi na hajui aanzie wapi. Nitaanza na habari mbaya, maana ndizo zinazosemwa kwa nadra.

Marekani kuna mpango wa serikali kuu uitwao 21st Century Community Learning Centers, unaogharimia vituo vya baada ya shule. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulifanyiwa tathmini kubwa. Kwa upande wa shule za msingi, watoto waligawanywa kwa kura: baadhi wakapata nafasi kituoni, baadhi wakakosa, kisha makundi hayo mawili yakalinganishwa. Waliopata nafasi walisema wanajisikia salama zaidi baada ya masomo. Lakini alama zao za kusoma hazikuwapita wenzao, na kusimamishwa shule kwa utovu wa nidhamu kulikuwa kwingi zaidi upande wao.

Mwaka 2000, Joseph Mahoney na Håkan Stattin walichapisha utafiti kuhusu vijana wa miaka 14 nchini Sweden. Waliokuwa kwenye shughuli zenye mpangilio, yaani zenye kiongozi, ratiba na ujuzi unaokua, walikuwa na tabia mbaya kwa kiwango cha chini. Waliokuwa wakienda kwenye vituo vya burudani vya vijana, mahali ambapo mtu huingia na kutoka atakavyo na hakuna kilichopangwa, walikuwa na tabia hizo kwa kiwango cha juu. Jengo lilikuwepo, mtu mzima alikuwepo, vifaa vya mchezo vilikuwepo. Kilichokosekana ni kazi ya kufanya.

Thomas Dishion na wenzake walikuwa wameshaonyesha jinsi jambo hili linavyotokea. Kijana anasimulia kosa alilofanya, wenzake wanacheka, na kicheko kile kinakuwa zawadi. Siku ya pili simulizi inakuwa kubwa zaidi. Ukikusanya watoto wakorofi pekee yao ili uwasaidie, ukawaacha bila shughuli, umewapa hadhira. Hii ndiyo sababu naamini programu isichague watoto kwa ukorofi wao. Wachanganywe na wenzao wa kawaida, tena ndani ya kazi inayowashughulisha mikono.

Habari njema nazo ni za uhakika. Mwaka 2010 Joseph Durlak, Roger Weissberg na Molly Pachan walikusanya tathmini za programu 69 zilizolenga kuwajengea watoto stadi za kujitawala na kuishi na wenzao. Kwa wastani watoto walijiamini zaidi, waliipenda shule zaidi, walipunguza matatizo ya tabia, na hata alama zao zilipanda. Ila watafiti walipozitenganisha programu hizo, faida yote ilionekana kutoka kwa kundi moja tu: zile zilizofundisha kwa hatua zinazofuatana, zilizomfanya mtoto atende badala ya kusikiliza, zilizotenga muda maalumu kwa jambo hilo, na zilizotaja wazi ujuzi gani unafundishwa. Zilizokosa mambo hayo hazikuonyesha faida ya kueleweka.

Ukiyasoma haraka mambo hayo manne, yanaonekana mepesi. Ugumu wake unajitokeza ukiyaweka kwenye kazi moja.

Daraja la vijiti, wiki nane

Tuseme una watoto 16 wa miaka 9 hadi 11, kipindi kimoja kwa wiki, dakika 55. Unawagawa katika vikundi vya watu wanne. Kila kikundi kitajenga daraja la vijiti bapa vya mbao linalovuka pengo la sentimita 40 kati ya meza mbili. Kila kikundi kinahitaji vijiti 80 hadi 100, gundi nyeupe ya mbao, kamba nyembamba, vibanio vya nguo 12 vya kushikilia viungo vinapokauka, na karatasi kubwa ya mchoro.

Wiki ya kwanza hakuna gundi. Watoto wanakata vipande vya karatasi ngumu, wanatengeneza mraba na pembetatu kwa kuunganisha pembe kwa pini, kisha wanasukuma. Mraba unalala, pembetatu inakataa. Usiwaambie kabla, wasukume wenyewe, kisha uwaulize ni kwa nini. Wiki ya pili wanachora upande mmoja wa daraja kwa ukubwa wake halisi. Ya tatu na ya nne wanagundisha pande mbili juu ya mchoro, uliofunikwa kwa nailoni ili gundi isishike karatasi. Ya tano wanaunganisha pande. Ya sita wanapima: ndoo ndogo inaning'inizwa katikati, na chupa za nusu lita zilizojaa maji zinaongezwa moja moja, kila moja ikiwa na takriban nusu kilo. Wanasimama mlio wa kwanza wa kupasuka unaposikika, wanaweka alama mahali palipopasuka. Ya saba wanatengeneza palipokuwa dhaifu. Ya nane wazazi wanaalikwa, na watoto wanaeleza daraja lilivunjika wapi na walibadilisha nini.

Kazi hii huharibika kwa njia zinazojulikana. Gundi ya mbao inataka usiku mzima kukauka. Mlezi anayetaka kugundisha na kupima siku hiyohiyo atapata madaraja yanayoanguka na watoto wanaolia. Mtoto mwepesi huchukua kazi yote, wengine watatu wakabaki watazamaji. Dawa yake ni kugawa majukumu, yaani mchoraji, mpimaji, mgundishaji na mtunza vifaa, na kuyazungusha kila wiki. Tena mlezi aseme waziwazi mwanzoni mwa kila kipindi ujuzi wa siku: "Leo tunajifunza kukataa wazo la mwenzako bila kumdharau." Mwishoni awaulize ni wapi walifanya hivyo. Bila dakika hizo tano, daraja linabaki daraja tu, na lile somo la kuishi na wenzako halipati nafasi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuliacha daraja wiki ya tatu kwa sababu "watoto wamechoka," ukaanzisha kitu kipya. Reed Larson, mwanasaikolojia aliyechunguza maisha ya kila siku ya vijana, alieleza mwaka 2000 kwamba darasani watoto hukaza akili lakini hamu ya ndani huwa ndogo, na wakiwa na marafiki hamu huwepo lakini akili haikazwi. Shughuli zenye mpangilio walizozichagua wenyewe ndizo zinazokutanisha vyote viwili. Uwezo wa kuanzisha jambo na kulimaliza hukua mtoto anapopita kipindi cha kukwama akatoka upande wa pili. Programu inayobadilisha shughuli kila siku humnyima mtoto kipindi hicho.

Dakika 180 zigawanywe vipi

Mgawanyo unaofanya kazi vizuri kwa watoto wa miaka 6 hadi 11, wanapokaa saa tatu, ni huu. Dakika 15 za kupokelewa na kuitwa rejesta. Dakika 20 za kunawa mikono na kula kitu. Dakika 45 za mchezo wa nje. Dakika 30 za kazi za nyumbani au kusoma. Dakika 55 za shughuli ya siku, kama lile daraja. Dakika 15 za kusafisha, kuagana na kuchukuliwa.

Mpangilio huo una sababu. Mtoto anatoka kwenye dawati alilokaa saa nyingi, na mlo wake wa mwisho umeshapita muda mrefu. Ukimketisha tena na daftari papo hapo, utapata ubishi ambao wengi huuita utundu. Ni njaa na miguu iliyochoka kukunjwa. Chakula na mchezo vitangulie, na kazi ya nyumbani itamalizika kwa muda mfupi zaidi.

Mchezo wa nje wenyewe si wa kujaza nafasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kwa siku za mwendo wa kuhemesha, na saa za baada ya shule ndizo nafasi kubwa iliyobaki ya kuzipata. Charles Hillman na wenzake walichapisha mwaka 2014 jaribio la watoto 221 wa miaka 7 hadi 9. Nusu walipewa nafasi katika programu ya mazoezi ya saa mbili kila siku baada ya shule kwa miezi tisa. Hao walipata nafuu kubwa zaidi ya wenzao katika vipimo vya kuzuia mvuto wa pembeni na kubadilisha mwelekeo wa fikra, na waliohudhuria siku nyingi walifaidika zaidi. Mwanga wa nje nao una kazi yake. Jaribio la Guangzhou, China, lililochapishwa 2015, liliwaongezea wanafunzi wa darasa la kwanza dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, 30.4% walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, dhidi ya 39.5% ya wale ambao hawakuongezewa.

Mchezo wa nje huharibika pale ambapo mpira ni mmoja na watoto ni 30. Kumi wanacheza, ishirini wanasimama, na kati ya hao ishirini wasichana na wadogo huwa wengi. Epuka michezo ya kumtoa anayeshindwa, kwa kuwa anayetolewa mapema ndiye aliyehitaji kukimbia zaidi. Gawa uwanja katika vituo vitatu au vinne vya watoto 8 hadi 10, kila kituo na mchezo wake, na mtu mzima acheze badala ya kusimama pembeni na simu. Mlezi anapocheza, idadi ya watoto wanaosogea huongezeka wazi mbele ya macho yako.

Kazi za nyumbani zisigeuke shule ya pili

Hapa ndipo wazazi na waendeshaji hukosana zaidi. Mzazi anataka daftari lirudi limejaa. Mwendeshaji, ili kumridhisha, anageuza saa zote tatu kuwa tuisheni. Matokeo yake ni mtoto aliyekaa darasani siku nzima kisha akarudishwa darasani, na baada ya wiki chache anaanza kutafuta sababu za kutokwenda.

Harris Cooper, aliyepitia tafiti nyingi kuhusu kazi za nyumbani, alikuta kwamba katika shule ya msingi uhusiano kati ya wingi wa kazi hizo na ufaulu ni hafifu, na kwamba huimarika kwenye madarasa ya juu. Kipimo anachokipendekeza ni dakika 10 kwa kila ngazi ya darasa: darasa la pili dakika 20, darasa la nne dakika 40. Nusu saa iliyotulia inatosha kwa watoto wengi. Aliyekwama baada ya hapo aandikiwe alama ndogo kwenye daftari, "amejaribu mpaka hapa," ili mwalimu wake ajue somo lilipomshinda. Alama hiyo ina thamani kubwa kuliko ukurasa uliojazwa na mlezi.

Kumpa mtoto jibu ndiyo tabia inayoharibu zaidi meza ya kazi za nyumbani, na inatokana na huruma pamoja na haraka. Njia iliyo bora ina hatua nne. Mtoto asome swali kwa sauti. Aseme kwa maneno yake linataka nini. Aonyeshe alichokwisha kujaribu. Mlezi adokeze hatua moja tu inayofuata, kisha aondoke kwenda kwa mwingine. Mlezi anayekaa kwa mtoto mmoja dakika 15 amewatelekeza wengine tisa, na huyo mmoja amejifunza kumsubiri.

Asiye na kazi ya nyumbani asome. Kitabu kinachofaa kusomwa peke yake ni kile ambacho katika maneno 100 mtoto anakosea yasiyozidi matano. Akifikisha makosa 10, kitabu hicho ni kigumu mno. Asomewe, au asome kwa zamu na aliyemzidi. Mwishoni afunge kitabu na aeleze alichosoma bila kuchungulia. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba kujikumbusha kwa namna hiyo huhifadhi maarifa kwa muda mrefu kuliko kurudia kusoma. Jaribio lao lilikuwa la wanafunzi wa chuo, lakini zoezi ni la bure na mtoto wa miaka 9 analiweza.

Mtu mzima aliye chumbani

Ukiniuliza niangalie kitu kimoja tu kwenye programu, nitaangalia walezi. Majengo mazuri yameshapoteza watoto wengi, na vyumba vya kawaida kabisa vimewahifadhi, kwa sababu ya watu waliomo.

Kwa watoto wa miaka 6 hadi 8, mlezi mmoja kwa watoto 10 ni kiwango kizuri. Kwa wakubwa zaidi, mmoja kwa 15 na si zaidi. Vikundi visizidi watoto 30 hata kama walezi ni wengi, kwani kelele na msongamano haviondolewi na idadi ya walezi. Kijana wa sekondari anayejitolea ni msaada mzuri sana, na watoto humpenda kuliko mtu mzima, lakini asihesabiwe kwenye uwiano. Wakati wowote pawe na watu wazima wawili angalau, ili mmoja akipeleka mtoto hospitali mwingine abaki.

Walipwe pia muda wa kuandaa. Hili hukatwa kwanza bajeti inapobana, na ndilo linaloua ubora kimyakimya. Mlezi anayefika dakika moja na watoto hana gundi iliyofunguliwa wala vituo vilivyopangwa. Ataanza kwa kuwaambia wakae wasubiri. Dakika 30 hadi 45 za maandalizi kwa kila kipindi cha saa tatu ni gharama ndogo ukilinganisha na saa zitakazopotea. Mishahara ndiyo sehemu kubwa ya bajeti ya programu yoyote nzuri, na ukiona bajeti ambayo kompyuta zimeipita mishahara, uliza maswali.

Walezi wanaobadilika kila muhula ni hasara ya aina nyingine. Mtoto mwenye shida nyumbani hamwambii mtu siku ya kwanza. Husubiri, hupima, huona kama unakumbuka jina la mdogo wake. Mlezi anayeondoka baada ya miezi mitatu huondoka na imani ambayo mwenzake atalazimika kuijenga upya tangu chini. Ikibidi uchague kati ya kuongeza watoto na kuongeza mshahara wa walezi ulionao, ongeza mshahara.

Sikiliza pia namna wanavyosema. "Wewe ni mwerevu" haimwambii mtoto kitu cha kurudia kesho. "Umejaribu kiungo kile mara tatu mpaka kikashika" inamwambia. Na kwa mtoto anayesumbua, mlezi mzuri husogea karibu na kusema kwa sauti ya chini. Anayepaza sauti kutoka upande wa pili wa chumba amegeuza kosa la mmoja kuwa tamasha la wote. Ndipo kile kicheko cha Dishion kinapozaliwa.

Usalama na pengo la dakika kumi na tano

Mengi ya usalama yanajulikana: walezi wachunguzwe kabla ya kuajiriwa, mmoja awe na mafunzo ya huduma ya kwanza, orodha ya mizio na dawa za watoto iwe karibu, milango iwe na kioo au ibaki wazi, mtu mzima na mtoto mmoja wasijifungie mahali pasipoonekana. Kuna sehemu moja inayosahauliwa, nayo ni kati ya darasa na kituo. Shule inadhani mtoto yuko kituoni, kituo kinadhani amekwenda nyumbani, mzazi anadhani yote yako sawa. Kwa hiyo rejesta iitwe mara tu watoto wanapofika, na kila aliyetarajiwa asipoonekana ndani ya dakika 15, simu ipigwe, kwanza shuleni kisha kwa mzazi. Idadi ihesabiwe tena kila kundi linapohama: kutoka uwanjani, kuingia chumbani, kurudi kutoka chooni.

Jioni, mtoto akabidhiwe kwa aliyeandikwa kwenye fomu pekee, kwa sahihi na saa. Mjomba anayejulikana lakini hayumo kwenye fomu asubiri mpaka mzazi apigiwe. Itamuudhi, na ni sawa.

Hesabu ya mahudhurio inayodanganya

Faida hufuata siku. Katika ule mpango wa Marekani ulioshindwa kupandisha alama, watoto wa shule za msingi walikuwa wakienda wastani wa siku mbili hadi tatu kwa wiki tu. Deborah Vandell na wenzake, walioripoti mwaka 2007 kuhusu takriban watoto 3,000 wa familia zenye kipato kidogo, walikuta kwamba waliohudhuria programu bora mara kwa mara walikuwa na maendeleo makubwa zaidi katika hisabati na bidii ya kazi kuliko watoto waliokuwa wakibaki bila usimamizi. Maneno mawili yana uzito hapo: bora, na mara kwa mara.

Waendeshaji wengi huripoti idadi ya walioandikishwa. Chukua programu yenye watoto 60 kwenye daftari na wastani wa 40 kwa siku. Kwa wiki hiyo ni mahudhurio 200. Yanaweza kuwa ya watoto 40 walewale waliokuja siku zote tano, na 20 ambao ni majina tu. Yanaweza pia kuwa ya watoto wote 60 wanaopokezana, kila mmoja zaidi kidogo ya siku tatu. Hizo ni programu mbili tofauti kabisa, na zina matatizo tofauti. Ya kwanza itafute sababu ya wale 20 kutoonekana, mara nyingi usafiri au kumlea mdogo nyumbani. Ya pili ipange kazi zisizovunjika mtoto akikosa siku moja. Andika siku za kila mtoto, si jumla ya chumba, na anayekosa siku tatu mfululizo apigiwe simu kwa kuulizwa hali, pasipo kukaripiwa.

Mahudhurio huporomoka sana watoto wanapokaribia miaka 11 au 12. Hapo ratiba iliyowafaa wakiwa na miaka 7 inawatia aibu. Wape uchaguzi wa kweli kati ya shughuli mbili au tatu, na uwape jukumu lenye uzito: kutunza stoo, kuongoza kituo cha mchezo cha wadogo, kupanga siku ya maonyesho. Jukumu la mchezo tu, kama kubeba beji, wanalitambua mara moja na kulidharau.

Kwa mtoto mwenye ulemavu au anayelemewa na kelele, marekebisho machache hubeba mengi: ratiba ya picha ukutani, onyo la dakika tano kabla ya kubadilisha shughuli, na kona tulivu ambayo mtoto yeyote anaruhusiwa kwenda bila kuomba. Kona hiyo ikitengewa mtoto mmoja inakuwa adhabu. Iwe ya wote.

Mzazi akienda kuangalia

Usiende kwenye sherehe za maonyesho. Nenda siku ya kawaida, katikati ya kipindi, ukae dakika 20. Programu inayokataa mzazi kuchungulia imeshajibu swali lako. Hesabu watoto wangapi wanafanya kitu na wangapi wanangoja. Sikiliza kama walezi wanawaita watoto kwa majina. Muulize mtoto aliye karibu, "Mnatengeneza nini, na mtafanya nini wiki ijayo?" Anayejua la wiki ijayo yuko kwenye programu yenye hatua. Kisha muulize mwendeshaji walezi wake wamekaa muda gani, na mtoto asiyefika anatafutwa vipi. Usimuulize kuhusu alama za mtihani za muhula wa kwanza. Zinazotangulia kubadilika ni siku za kuhudhuria shule, kazi za nyumbani kukamilika, ugomvi kupungua. Alama zikija, huja nyuma ya hayo.

Ukiwa na programu dhaifu mikononi

Usibadilishe kila kitu kwa pamoja. Walezi watachoka kabla ya watoto kuona tofauti. Anza na kungoja, kwa sababu ndiko kunakopoteza muda mwingi na hakuhitaji fedha. Kwa siku tano, mtu mmoja ashike saa na aandike dakika zote ambazo watoto wamesimama mstarini, wameketi wakisubiri vifaa, au wamenyamazishwa wasubiri wenzao. Mabadiliko matano kwa siku, kila moja likila dakika 8, ni dakika 40 kati ya 180, na ugomvi mwingi huanzia humo.

Kisha ondoa mstari mmoja baada ya mwingine. Mlezi mmoja atangulie mahali panapofuata na awe tayari na kazi ya kuanzia, ili mtoto wa kwanza kufika aanze bila kumsubiri wa mwisho. Watoto wahame kwa vikundi vya kumi, wasihame wote 30. Kunawa mikono kufanyike kwa zamu wakati wengine wanacheza. Vifaa vya kila kikundi viwe kwenye boksi lake tangu maandalizi. Baada ya wiki sita pima tena kwa saa ileile. Zikishuka chini ya dakika 15, hamia kwenye meza ya kazi za nyumbani, na wiki sita baadaye kwenye mchezo wa nje.